MAJUMBA YA WAFALME WA UFARANSA
Safari ya Wanafunzi katika Bonde la Mto Loire

Katika mazungumzo ya leo nataka kuwaelezeni habari za safari ambayo wanafunzi wengi wa Ufaransa, na wa nchi nyingine za Ulaya, huifanya pamoja na walimu wao, yaani safari ya kwenda kuyatazama majumba ya kale yaliyo katika bonde la mto Loire. Nitawaambieni majumba hayo ni ya namna gani, kwa nini yalijengwa, nani aliyalipia, na mwanafunzi apata faida gani kwa kuyaona kwa macho yake. Mwisho mtaona ya kuwa habari hizi, ijapokuwa ni za nchi ya mbali, zina mahali zinapogusa pwani yetu.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Sisi katika Kiswahili twatofautisha ngome na kasri. Ngome ni mahali pa vita, penye kuta nene, minara na mizinga. Kasri ni nyumba ya mfalme, mahali pa kukaa kwa raha na kupokea wageni. Wafaransa hutumia neno moja tu, château, kwa vyote viwili, na neno hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya boma dogo. Basi mwanafunzi akisikia neno hilo asidhani ataonyeshwa kitu cha namna moja. Ataona ngome zenye giza, na makasri yenye madirisha mengi, tena ataona majumba yaliyo nusu ngome na nusu kasri. Mwenye kuyatazama kwa taratibu aweza kusoma ndani ya mawe jinsi ngome ilivyogeuka kidogo kidogo ikawa kasri, katika muda wa miaka mia tano.

MTO NA JIWE LAKE

Mto Loire ndio mrefu kupita mito yote ya Ufaransa. Urefu wake wapita kilometa 1,000. Huanzia katika milima ya kusini, ukaenda kaskazini, kisha hugeuka kuelekea magharibi, na baada ya kupita mji wa Nantes huingia katika bahari ya Atlantiki. Bonde lake la kati lina rutuba, lina mashamba ya mizabibu na misitu yenye nguruwe mwitu na paa. Katika karne ya 15, wakati wa vita virefu baina ya Wafaransa na Waingereza, mji wa Paris uliangukia mikononi mwa adui, na mfalme wa Ufaransa akakaa katika miji ya bonde hili. Hata vita vilipokwisha mwaka 1453, wafalme walikuwa wamekwisha kupapenda. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mia moja hivi, bonde la Loire ndilo lililokuwa makao ya wafalme, na kila bwana mkubwa alitaka awe na nyumba karibu na mfalme wake.

Tena bonde hili lina jiwe jema. Ni jiwe la chokaa, jeupe, laini, liitwalo tuffeau. Fundi aweza kulikata kwa msumeno, na kulichonga maua na majani kama seremala achongavyo mlango. Likiisha kuchimbwa na kukaa hewani, huwa gumu zaidi. Lilichukuliwa kwa mashua juu ya mto hata mahali pa kujengea. Na yale mapango yaliyobaki machimboni hayakuachwa bure. Wenyeji waliyafanya nyumba za kukaa, ghala za mvinyo na mahali pa kuoteshea uyoga, na hata leo mengine yanakaliwa.

JINSI SAFARI INAVYOTENGENEZWA

Mwalimu mwenye busara haanzi safari siku ya kuondoka. Wiki kadhaa kabla yake huwaonyesha wanafunzi ramani, huwafundisha majina machache ya wafalme na miaka yao, huwaarifu wazazi, na huwaandikia watunzaji wa majumba ili apewe siku na saa ya kuingia na mtu wa kuwaongoza. Watoto arobaini wakifika mlangoni bila taarifa, huenda wakasimama nje mvuani mpaka mchana.

Toka Paris hata mji wa Tours, ulio katikati ya bonde, ni kadiri ya kilometa 240, na treni iendayo kasi hufika karibu na mji huo kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Kutoka Tours wanafunzi hupanda basi, maana majumba mengi yako mwendo wa nusu saa au saa moja. Hulala katika nyumba za wageni zilizowekwa kwa vijana, hula mkate na jibini chini ya miti, na kila mmoja huchukua daftari na penseli. Katika majumba yaliyo mali ya Serikali, kama Azay-le-Rideau na Angers, mtoto asiyetimia miaka 18 aingiaye pamoja na jamaa zake hatozwi kitu, kwa sababu Serikali yataka watoto wote wazijue habari za nchi yao, wala si watoto wa matajiri tu.

Mwalimu huwaambia pia sheria za ndani. Usiguse mazulia yaliyotundikwa ukutani, maana jasho na mafuta ya mkono huharibu nyuzi zilizokaa miaka mia nne. Usikimbie ngazini, maana madaraja yamelika kwa nyayo za watu. Usiandike jina lako ukutani, maana si ukuta wako.

Lakini lililo kubwa kuliko sheria hizo ni maswali. Mwanafunzi asiye na swali hupita vyumba mia akatoka na uchovu tu. Kuuliza si ujinga. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi aingie katika kila jumba na maswali matatu: Nani aliyeamuru lijengwe, na kwa sababu gani? Nani aliyechukua mawe, na fedha zilitoka wapi? Na nani aliyelitunza hata likafika kwetu? Haya, tuyachukue maswali hayo mkononi, tuingie.

LOCHES NA LANGEAIS: TOKA NGOME HATA KASRI

Safari njema huanza Loches, kusini ya Tours. Hapo pana mnara mkubwa wa mawe, wa pembe nne, ambao kimo chake ni kadiri ya meta 36. Ulijengwa mwanzo wa karne ya 11, katika siku za Foulques Nerra, mtawala wa Anjou, mtu wa vita aliyejenga ngome nyingi ili adui zake wasipate pa kupita. Madirisha ni machache na membamba, kuta zina unene wa karibu meta tatu. Mwanafunzi akisimama ndani huelewa upesi bila kuambiwa: aliyejenga nyumba hii aliogopa. Baadaye ngome hii ilifanywa gereza. Ludovico Sforza, aliyekuwa mtawala wa Milano katika Italia, alikamatwa na Wafaransa mwaka 1500, akafungwa hapa miaka yake ya mwisho hata mwaka 1508, na michoro aliyoipaka ukutani ili kujipunguzia upweke ingali yaonekana.

Kutoka hapo huenda Langeais, kando ya mto Loire. Jumba la Langeais lilianzwa na mfalme Louis wa 11 katika mwaka 1465. Ukilitazama kwa upande wa mji, ni ngome: minara ya mviringo, daraja la kuinuliwa kwa minyororo, na njia ya walinzi juu ya kuta. Ukiingia uani na kugeuka nyuma, waona nyumba nyingine kabisa: madirisha mapana yaliyoelekea bustani, na milango ya kumkaribisha mtu. Ni nyumba moja yenye nyuso mbili. Uso mmoja wawakumbuka adui wa jana, na wa pili wangoja amani ya kesho. Mwezi Desemba mwaka 1491 mfalme Charles wa 8 alimwoa hapa Anne, mwenye nchi ya Bretagne, ambaye wakati huo hakuwa ametimia miaka 15. Kwa ndoa hiyo nchi ya Bretagne ilianza kuunganishwa na Ufaransa. Jina la Anne tutakutana nalo tena.

Ni kitu gani basi kilichoibadilisha ngome? Jibu ni baruti. Mizinga ilipokuwa na nguvu, ukuta mrefu mwembamba haukuweza kumlinda mtu tena. Ulikuwa shabaha tu. Hapo ikawa njia mbili. Nyumba za wafalme ziliacha vita, zikafungua madirisha. Na ngome za kweli ziliacha minara mirefu, zikawa fupi, nene, zenye pembe zilizochomoza. Ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno toka 1593 hata 1596 kwa ramani ya fundi Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ni mfano mzuri wa njia hiyo ya pili. Aliyeona kuta zake amekwisha kuona kwa nini minara ya Loches haikujengwa tena.

AMBOISE: MLANGO MFUPI NA AHADI ILIYOVUNJWA

Jumba la Amboise limesimama juu ya mwamba, na mto wapita chini yake. Ndani ya minara yake miwili minene haimo ngazi, bali njia ya mviringo ipandayo polepole, pana hata wapanda farasi na magari yao waliweza kupanda toka mjini mpaka uani. Charles wa 8 alizaliwa hapa. Mwaka 1494 alikwenda Italia na jeshi lake, na ingawa vita havikumpatia faida ya kudumu, alirudi na mafundi wa Kiitalia, wachongaji na watu wa bustani. Ndio walioleta namna mpya ya kujenga. Mwaka 1498 mfalme huyu alikuwa akipita haraka kwenda kutazama mchezo wa mpira, akajigonga kichwa katika kizingiti cha juu cha mlango mfupi, akafa siku hiyo hiyo. Wanafunzi hulikumbuka jambo hilo kuliko vita vyake vyote.

Mwaka 1516 mfalme François wa 1 alimwalika Leonardo da Vinci, mchoraji na mjuzi wa mambo mengi, akampa nyumba karibu na jumba. Leonardo alikuwa amemtumikia yule Ludovico wa Milano aliyefia gerezani Loches. Basi tazama jinsi vita vilivyomfunga bwana na kumleta fundi. Alifariki Amboise tarehe 2 Mei 1519, na kaburi lake laonyeshwa katika kanisa dogo la uani.

Lakini uani kuna makaburi mengine. Amiri Abd el-Kader wa Algeria aliwapiga Wafaransa vita miaka 15 walipoivamia nchi yake. Mwaka 1847 aliweka silaha chini, naye aliahidiwa ya kuwa ataachwa aende kukaa katika nchi za mashariki. Ahadi ni deni, walakini deni hilo halikulipwa. Alipelekwa Ufaransa pamoja na jamaa zake na wafuasi wake, wanaume kwa wanawake na watoto, na toka mwaka 1848 hata 1852 wakafungwa katika jumba hili la Amboise. Baridi na maradhi viliwaua wengi. Watu 25 wamezikwa bustanini, nao mwaka 2005 waliwekewa mawe ya ukumbusho yaliyoelekezwa Makka. Abd el-Kader mwenyewe alifunguliwa mwaka 1852. Miaka minane baadaye, machafuko yalipotokea Dameski, aliwaokoa Wakristo wengi sana wasiuawe, na katika waliookolewa walikuwamo Wafaransa. Mwalimu akifika penye mawe hayo yafaa anyamaze kidogo, awaache wanafunzi wasome majina.

CHAMBORD: JUMBA LA MFALME ASIYEKAA

Chambord ndilo kubwa kuliko majumba yote ya Loire. Lilianzwa mwaka 1519 kwa amri ya François wa 1, katikati ya msitu wa kuwindia. Lina vyumba vipitavyo 400 na meko 282 ya kuota moto. Ukuta uzungukao msitu wake una urefu wa kilometa 32. Katikati ya jumba ipo ngazi ya ajabu: ni ngazi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba, mtu mmoja akipanda kwa hii na mwenziwe akishuka kwa ile, huonana kwa madirisha madogo ya katikati, lakini hawakutani hata wafike mwisho. Wengi hudhani ya kuwa wazo la ngazi hiyo lilitoka kwa Leonardo. Wanafunzi hupewa nafasi ya kuijaribu, na kelele zao husikika mpaka juu ya paa.

Kisha mwongozi huwaambia jambo linalowanyamazisha. François alitawala miaka 32, na katika miaka hiyo yote alilala Chambord kadiri ya siku 72 tu. Jumba lilikuwa tupu. Mfalme alipokuja kuwinda, alikuja na maelfu ya watu na farasi, na vitanda, mazulia, vyombo na meza vilichukuliwa juu ya nyumbu na magari; alipoondoka, vyote viliondoka pamoja naye.

Hapa ndipo swali la pili huwa zito. Fedha zilitoka wapi? Mwaka 1525 François alishindwa vitani huko Pavia, akatekwa. Mwaka uliofuata alifunguliwa, lakini wanawe wawili walichukuliwa Hispania mahali pake, wakakaa utumwani hata mwaka 1530, mpaka fidia kubwa ya dhahabu ilipolipwa. Katika wakati huo huo kazi ya Chambord ilianzwa tena. Fidia ilipaswa kulipwa, jumba lilipaswa kulipwa, na vita pia. Mabwana wakubwa na makasisi kwa desturi hawakulipa ile kodi kuu iliyoitwa taille. Mzigo wake ulikuwa juu ya mkulima. Tena ilikuwapo kodi ya chumvi, maana chumvi kila mtu aihitaji, tajiri na maskini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilijengwa kikawa meko 282. Waliokata mawe, waliochoma chokaa, waliosimama ndani ya maji kuimarisha misingi katika tope, majina yao hayakuandikwa mlangoni. Lakini mara nyingine mwashi aliacha alama yake ndogo juu ya jiwe alilolichonga, ili ahesabiwe ujira wake. Mwanafunzi mwenye macho mazuri huzitafuta alama hizo katika majengo ya kale, naye akiiona moja huwa amemwona mtu ambaye vitabu vimemsahau.

Mwenye kutaka kujua kazi hiyo ilikuwaje, wako watu wanaomwonyesha. Huko Guédelon, katika Burgundy, toka mwaka 1997 mafundi wanajenga ngome mpya kwa namna ya karne ya 13, bila mashine. Mawe huchimbwa hapo hapo, miti hukatwa msituni kwa shoka, na mzigo huinuliwa kwa gurudumu kubwa la mti ambalo mtu hutembea ndani yake. Makundi mengi ya wanafunzi hupelekwa huko wajionee. Mtoto aliyejaribu kuchonga jiwe moja kwa saa moja hatasema tena kwa wepesi, "Mfalme alijenga jumba."

CHENONCEAU: JUMBA LA WANAWAKE

Jumba la Chenonceau limejengwa juu ya maji ya mto Cher, uingiao katika Loire. Mwanzo wake ni kinu cha kusagia, na juu ya misingi ya kinu hicho Thomas Bohier, karani mkubwa wa hazina ya wafalme, alijenga nyumba toka mwaka 1513 hata 1521. Yeye alikuwa mara nyingi vitani Italia pamoja na mfalme; aliyeisimamia kazi ni mkewe, Katherine Briçonnet. Bohier alipokufa, hesabu zake zilikaguliwa, ikaonekana ya kuwa anadaiwa fedha nyingi na hazina, na mwanawe akalazimika kulitoa jumba kwa mfalme mwaka 1535. Mwalimu hana haja ya kuongeza neno. Wanafunzi wenyewe huelewa.

Mfalme Henri wa 2 alimpa jumba hilo Diane de Poitiers, kipenzi chake, naye Diane akajenga daraja kuvuka mto. Mfalme alipokufa mwaka 1559, mjane wake, malkia Catherine de Médicis, alimlazimisha Diane aliache jumba na kuchukua lingine. Kisha Catherine akajenga juu ya lile daraja ukumbi mrefu wa meta 60, uliokwisha mwaka 1576. Ndiyo sababu leo waona nyumba iliyovuka mto.

Ukumbi huo wa karamu ulipata kazi nyingine. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ulikuwa hospitali, na askari zaidi ya 2,000 waliouguzwa humo waliweza kulala vitandani wakiyasikia maji yakipita chini yao. Katika vita vya pili, Wajerumani walipoishika sehemu ya Ufaransa mwaka 1940, mto Cher ulikuwa mpaka. Mlango wa mbele wa jumba ulikuwa katika nchi iliyoshikwa, na mlango wa mwisho wa ukumbi ulifungukia nchi isiyoshikwa, na watu waliokuwa wakitafutwa walipitishwa humo wakaokoka.

NANTES: JUMBA LILILOKUBALI KUSEMA

Wanafunzi wengi hurudi kwao baada ya Chenonceau. Mimi nawashauri walimu waufuate mto mpaka Nantes. Hapo pana jumba la watawala wa Bretagne, ambamo Anne, yule bibi arusi wa Langeais, alizaliwa mwaka 1477. Kuta zake za nje ni ngome, na nyumba ya ndani ni kasri nyeupe. Lakini kisa kikubwa hakimo katika kuta. Toka mwaka 2007 ndani yake mna nyumba ya makumbusho ya mji, na makumbusho hayo hayakuficha mambo. Katika karne ya 18 Nantes ilikuwa bandari kubwa kupita zote za Ufaransa kwa biashara ya watumwa. Zaidi ya safari 1,700 za merikebu zilitoka hapo kwenda kununua watu Afrika, hasa pwani ya magharibi, na kuwapeleka visiwa vya Amerika. Mtoto wa Nantes huonyeshwa vitabu vya hesabu, vyombo, na picha ya merikebu ilivyopakiwa watu, naye huambiwa ya kuwa utajiri wa mji wake ulitoka hapo.

Na hapa ndipo kisa kinapofika kwetu. Wafaransa walinunua watu katika pwani ya mashariki pia. Mwaka 1776 mfanyi biashara Mfaransa, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastra 20 kila mtu, wapelekwe katika mashamba ya kisiwa cha Île de France, ambacho leo chaitwa Mauritius. Karatasi hiyo ina pande mbili, mnunuzi na muuzaji, na wale 1,000 hawakuulizwa. Jumba likisimuliwa bila habari kama hizi, huwa ni hadithi nzuri tu. Likisimuliwa pamoja nazo, huwa elimu.

NANI ATAKAYELITUNZA?

Limebaki swali la tatu. Karibu na Amboise palikuwapo jumba kubwa la Chanteloup. Mwaka 1823 wafanyi biashara walilibomoa wapate kuuza mawe yake, na leo umebaki mnara mmoja tu wa bustanini, wenye kimo cha meta 44. Chambord lenyewe lilinyang'anywa vyombo vyake wakati wa mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789. Liliokoka, likawa mali ya Serikali mwaka 1930, na mwaka 1939, vita vilipokaribia, picha za thamani za Paris zililetwa humo kufichwa, na mojawapo ni picha ya Mona Lisa iliyochorwa na Leonardo. Siku hizi wageni wapata milioni moja hulitembelea kila mwaka. Hata hivyo halijawa salama. Mwaka 2025 watunzaji wake waliwaomba watu fedha za kuliokoa bawa moja, kwa sababu udongo wa chini husinyaa katika ukame na kuvimba katika mvua, na kuta hupasuka. Jumba la mawe lahitaji kutunzwa kama nyumba ya makuti. Tofauti ni muda tu.

Mwaka 1981 Chambord liliandikwa katika orodha ya mahali ambapo watu wote wa dunia wapaswa kupatunza. Katika mwaka huo huo, katika orodha hiyo hiyo, yaliandikwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kwa hiyo jumba la François na kasri ya Husuni Kubwa, iliyojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, miaka 200 kabla ya Chambord, zina heshima moja. Mtu atoaye jiwe katika gofu apate kuliweka jikoni kwake atenda kama wale wa Chanteloup, ingawa hatapata hata bei ya jiwe.

Basi, mwalimu unayesoma maneno haya, huenda huna nauli ya kuwapeleka wanafunzi wako Ufaransa, lakini yale maswali matatu hayahitaji nauli. Wapeleke penye msikiti wa kale ulioanguka, au kisima cha mawe, au makaburi ya watu wa zamani, au boma lililokuwa la watawala. Waambie wapime kuta kwa hatua zao na kuziandika. Waambie wamwulize mzee wa mahali pale nani aliamuru, nani alichukua mawe, na nani anatunza. Halafu wayaandike majibu ya mzee huyo kwa wino, na tarehe, na karatasi iwekwe shuleni, kwa kuwa mzee hatakaa nasi siku zote.